Mama wa Samaki na Mwizi wa Karai

Sasa huyu mama anayekaanga samaki Kariakoo kawakosea nini, mpaka mnamnunia kanisani? Vidole vyake vimejaa makovu ya mafuta, sauti yake ya chini, kila mteja anamwita mwanangu. Jumapili tumepanga mstari wa Chakula cha Bwana, akamwona Eliakimu, aliyemwibia karai lake la kukaangia, kajikunyata benchi la nyuma. Mama akatoka kwenye mstari. Nikajua anaenda kumzaba kibao, nikamfuata nimsaidie. Akamshika mkono.

“Twende, mwanangu.”

“Mama, karai lako nimeshaliuza.”

“Nimekuuliza karai? Twende tukale.”

Wakapiga magoti madhabahuni bega kwa bega. Mimi nimebaki pale kwenye benchi, ngumi bado nimeikunja. Na hilo ndilo mnalomnunia? Jumapili ijayo mkimwona Eliakimu mlangoni, sogeeni akae.