Hukumu Isomwayo Jikoni Kwangu

Huyu ni mtoto wa mdogo wangu, mjukuu wa mpiga chapa wa mahakama. Yeye mwenyewe ameingiza hukumu za mahakama kwenye kompyuta za kampuni moja mpaka macho yakachoka, na ana blogu ya kuwaeleza watu sheria. Kabla hajaweka andiko, huniletea jikoni karatasi nimsomee kwa sauti. Husikiliza akitafuna mfuniko wa kalamu. Nikikwama, anakata neno. "Mama mkubwa, ukikwama wewe, kosa langu."

Jana aliingia bila hodi. Kampuni hiyo aliyoitumikia ujana wote imezifungia hukumu zote, watu wasizisome, na blogu yake iliyokuwa kwenye mitambo yao wameizima, pamoja na ile hukumu inayokataza mpangaji kutolewa bila notisi. Na sisi wapangaji wa nyumba hii tumeambiwa na mwenye nyumba jana hiyohiyo tuhame Jumamosi!

"Hukumu ya watu wote wanaifungia kama sukari ya kabatini?" alifoka.

"Hawana haya hata chembe!" nikasema, na sufuria nikaitua kwa kishindo.

Akatoa mkobani karatasi yenye ile hukumu ya wapangaji, akanishikisha. "Blogu wameizima, mdomo wako hawauwezi. Kesho asubuhi wakusanye wapangaji uani, uwasomee yote. Na usikwame."