Kioo Safi cha Dada Yangu

Miaka ya tisini nilikuwa mpimaji wa damu katika zahanati moja ndogo ya Kisumu, na nilikuwa mwongo. Sote tulikuwa. Mtu akija na homa nawe usione kijidudu, unaandika malaria, alama moja ya kujumlisha, kwa sababu daktari hakutaka "hakuna kitu", na mgonjwa ndiye kabisa.

Dada yangu mkubwa alikuwa akianika na kuuza omena, dagaa wa ziwani, kwenye ufuo wa Dunga. Jua la pale lilimtia wekundu mashavuni, kisha viungo vikaanza kuvimba: Jumatatu mkono, Alhamisi goti, kama mpangaji anayehamahama. Alipopandwa na homa nilimtoa damu, nikaipaka kwenye kioo, nikaitazama kwenye hadubini mpaka macho yakalia. Kijidudu hakikuwepo. Niliona chembe nyeupe za damu tu, zambarau kwa ile rangi tuliyopaka kwenye kioo, zimetulia tuli. Kitu kilikuwa kinamla dada yangu na sikukiona. Nikaandika alama yangu, akapewa klorokwini, dawa ya malaria ya siku hizo.

Siku zilivyopita akapata nafuu. Nilifurahi, kisha nikaogopa: dawa ya malaria inamsaidiaje asiye na malaria? Homa ilirudi na kurudi, na kila mara ikawa vilevile: kioo safi, uongo wangu, vidonge, nafuu. Yeye alilalamikia tu kuwashwa na vile vidonge.

Mwishowe nilichoka kumdanganya mtu tuliyezaliwa naye tumbo moja. Siku hiyo alikaa kwenye benchi, magoti yamevimba.

"Wewe niandikie tu malaria," alisema. "Ile dawa inanisaidiaga."

Nikamwambia damu yake haina malaria, haijawahi kuwa nayo. Nikaandika "hakuna kitu". Aliiamini karatasi yangu kuliko mwili wake, hata dukani hakununua kidonge. Figo zikaharibika. Tukamzika kabla ya mvua za masika.

Baadaye sana nilisoma kwamba baadhi ya chembe zile nyeupe huua vijidudu, nyingine huita wenzao vitani, nyingine hutuliza, na hizo za kutuliza nazo si za aina moja. Zikishindwa kazi, mwili hujipiga wenyewe: ngozi, viungo, hata figo. Nikasoma pia kwamba klorokwini hupoza vita hivyo. Kitabu nilikifunga, nikalia.

Kioo chake cha mwisho ninacho bado. Huwa nakiweka chini ya hadubini na kuzitazama. Za kuua na za kutuliza zinafanana, siwezi kuzitofautisha. Zote zilikuwa pale mbele yangu, siku ile nilipoandika hakuna kitu.