Bomba la moshi la gari la baba

Leo nimejua kwa nini baba aliliacha gari lake likaoza tangu enzi za ujamaa.

Aliniambia niliuze kama chuma chakavu. Mimi nikawa nalifufua kwa siri, nimpelekee Izimbya anakoishi, likiunguruma kama la mashindano.

Asubuhi nilikwenda na mama gereji, Rwamishenye. Tulikuwa tunachagua kiunganishi, pale mabomba manne ya moshi yanapokutana kuwa moja.

"Kirefu kinavuta mlimani," fundi Deo akasema. "Kifupi kinakimbia zaidi."

Mama akauliza, "Kipi hakiingizi moshi ndani?"

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Dada yako hakufa kwa malaria kama tulivyokuambia," akaniambia.

"Alikuwa na homa tu. Tulimkimbiza hospitali kutoka Ngenge, mvua inanyesha, vioo tumefunga. Bomba la moshi lilikuwa limepasuka na vipuri havipatikani. Kufika Muleba mimi natapika, mtoto haamki. Baba yako ndiye aliyekuwa anaendesha."

Deo alizima redio.

Nimempeleka mama nyumbani.

Gari liko tayari, bado hicho kiunganishi tu. Jumapili nakwenda kumwona baba.

Ndugu zangu, mngekuwa nyinyi mngefanyaje: mngempelekea gari hilo, au mngeliuza kama alivyosema?