Stojan, Yaani Abaki

Dada yangu alikuwa amezika watoto wawili, na wote hawakufika arubaini. Huyu wa tatu alikuwa na siku sita, hana jina, na nyumbani kwetu Mabela tulikuwa tukitembea kwa kunyata.

Bibi alitaka afanyiwe kama kwao Unguja: alazwe jaani, jirani amwokote, aitwe jina la takataka ili mauti yamdharau. "Nnajua ninachosema. Nna ndugu wawili walopona hivyo." Kwetu hakuna jaa, kuna pipa la taka la baladia, manispaa ya huku Uarabuni, mbele ya geti. Dada akasema mwanawe hatalazwa kando ya pipa.

Daktari wa watoto kule Khuwair ni Mserbia, na kwenye kibandiko cha kifuani pameandikwa Stojan. Mimi nina shahada na sina kazi, kwa hiyo nina wakati wa kutafuta kila kitu. Nikasoma kwamba ni jina la kale la Waslavi, limetokana na kusimama, kubaki. Hupewa mtoto ambaye waliomtangulia hawakukaa.

Nikamweleza bibi. "Kumbe na wao walizika," akasema.

Dada akasema kwa Kiarabu lipo jina la maana hiyohiyo, na ndilo atakalompa kesho.

Siku ya saba asubuhi nilimpeleka mtoto kupimwa, bibi amempakata, kwa kuwa dada bado alikuwa ndani, hajatoka arubaini. Nikamwuliza daktari kama niliyoyasoma ni kweli. Alijibu kwa Kiingereza, bibi asielewe. Ni kweli, alisema huku akimfunga mtoto nepi, ila yeye ni Stojan wa pili. Kaka yake wa kwanza aliitwa vivyo hivyo. Utotoni alikuwa akipelekwa makaburini kuwasha mshumaa mbele ya jiwe lenye jina lake mwenyewe.

Tuliporudi, nyama ya akika ilikuwa tayari jikoni. Dada alinisubiri mlangoni mwa chumba chake.

"Amesemaje? Linafaa?"

"Amesema ni kweli," nikajibu. "Maana yake abaki."

Jina likatangazwa adhuhuri. Wageni wakamwita kwa zamu, naye amelala tu, hatikisiki. Nikainama kusikiliza pumzi zake, nikainama tena, mpaka dada akaniambia nitoe kichwa changu hapo, namzibia mtoto hewa.