Tambi Ambazo Sikuzionja

Shangazi aliponiuliza kama nitamwonjea chungu, nilipaswa kumjibu kwamba siku hiyo nimefunga. Badala yake nilisema ndiyo, nitaonja. Nimeishi na ndiyo hiyo kwa miaka zaidi ya sitini.

Ilinirudia juma lililopita, hapa Ukunda kwa mwanangu. Wajukuu walipika tambi za pakiti, zile za kuiva mara moja, wakazimwagia unga mwekundu wa pilipili, wakashindana nani atamaliza bakuli bila kugusa maji. Wakanisogezea uma, "Onja babu, utuambie kali au si kali." Nikauweka uma chini. Walicheka, wakadhani babu anaogopa pilipili.

Nilikuwa na miaka kumi, Msambweni, miaka ile bendera mpya ilipoanza kupandishwa shuleni kwetu. Mama alifariki ningali mchanga na baba alifanya kazi bandarini Mombasa, kwa hiyo nilikaa na bibi, mama yake baba, pamoja na shangazi, binti yake wa mwisho. Bibi ndiye aliyetoa amri, lakini aliyenilea ni shangazi. Aliniogesha, alinishonea kanzu, alinifundisha kusoma kwa kuandika herufi kwa mkaa juu ya ubao. Kwa kuwa nilipewa jina la marehemu babu, aliniita baba, nami nikaringa kweli kweli.

Kama nawe ulikulia huku kwetu, unalijua jiko la Ramadhani. Kuanzia alasiri nyumba inanukia nazi na iliki na moshi wa vifuu, wapishi wote wamefunga, na hakuna ajuaye chumvi imefika wapi. Hapo ndipo mtoto anapoitwa. Bibi alikuwa mtu wa tahadhari, hakutaka ulimi wa mwenye saumu usogee chunguni. Nilikuwa nikikinga kiganja, nadondoshewa mchuzi, nalamba, natoa hukumu. Mwaka ule nilikuwa nimetoka kuugua homa, bibi akasema nitafunga mwakani.

Lakini chuoni, tulikosoma Kurani, wenzangu walikuwa wameshaanza kufunga. Walinitaka nitoe ulimi, na walipouona hauna ule weupe wa njaa, waliniimbia "Kobe! Kobe!", jina la mtu anayekula mchana. Mmoja akasema huyu ataolewa na chungu. Nikaapa kufunga hata siku moja, bila kumwambia mtu nyumbani, ili nao wauone ulimi wangu mweupe.

Siku niliyoichagua ilikuwa siku ya wageni.

Kijana mmoja wa Diani, mwalimu wa shule, alikuwa amemposa shangazi. Shangazi alimtaka, nilijua kwa jinsi alivyokuwa akiimba akikuna nazi. Mama yake mwalimu ndiye hakuwa na hakika. Alisikia maneno kwamba binti ana mwingine moyoni, akasema atakuja kufuturu, ale chakula cha mkono wa binti mwenyewe, kisha atoe jibu. Bibi alikuwa na hofu. Wenzake shangazi walikwisha kuolewa wote, na kulikuwa na mfanyabiashara mmoja mzee wa Lunga Lunga, mwenye wake wawili, aliyekuwa akiulizia habari zake.

Shangazi alipika tambi za pilipili, si zile tamu za sukari. Alikanda unga, akasokota nyuzi kwa vidole, akazianika, akazikaanga zikawa na rangi ya korosho iliyochomwa, kisha akazitia kwenye tui na kamba wa baharini. Bibi alitoka jikoni ili isije ikasemwa alimsaidia. Tukabaki wawili.

"Baba, njoo uonje. Leo nakutegemea wewe tu."

Nikakinga kiganja. Alipoinama kuchochea moto, nilipangusa mchuzi kwenye kumbi la nazi nyuma yangu. Ningeweza kusema sawa, yakaisha. Lakini niliona kwamba mwonjaji hakosi neno, nikasema, "Chumvi sawa. Pilipili bado." Akatwanga pilipili kichaa, akatia, akanidondoshea tena. Nikasema bado kidogo. Shangazi akacheka, akauliza ulimi huu wa kizee nimeutoa wapi, akaongeza nyingine.

Nilikwenda kukaa barazani, nikapangusa jasho usoni. Jicho likawaka moto. Nikakitazama kiganja, kimekuwa chekundu katikati, nikajua.

Jua lilikuwa bado juu. Muda ulikuwapo wa kuongeza tui, hata wa kupika upya. Nilifika mlangoni mwa jikoni mara mbili. Nikisema, itabidi niseme kwa nini sikuonja, na bibi angenifunguza palepale, na kesho ningekuwa kobe tena. Mara zote mbili nikarudi barazani.

Wageni wakaja, adhana ikasikika, wakafungua kwa tende. Mama yake mwalimu akavuta sahani. Tonge la kwanza alilimeza. La pili lilimshinda, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mwalimu naye akaonja, akaurudisha mkono wake magotini. Yule mama akanywa maji, akajifuta kwa ncha ya leso, akamwambia bibi taratibu, "Dada, mtoto wako ametupa jibu lake."

Miaka ile msichana hakuulizwa sana anamtaka nani. Aliyekataa aliweza kukataa kwa chungu, na kila mama mkwe aliijua lugha hiyo.

"Sivyo, mama," shangazi akasema. "Chakula kilionjwa."

Bibi akanigeukia. "Ulionja?"

"Nilionja."

"Kilikuwaje?"

"Kilikuwa sawa."

Maana yake ikawa moja tu, kwamba pilipili ilitiwa baada yangu, kwa makusudi. Shangazi alinitazama. Alikuwa na nafasi ya kusema mtoto huyu anadanganya, hakusema. Wageni wakaaga kwa adabu, na posa ile haikurudi. Wenzangu walikuwa wameuona ulimi wangu pale barazani kabla ya adhana, wakasema haya, umefunga. Siku chache baadaye mwalimu wa chuoni alitufundisha kwamba kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema hakubatilishi saumu.

Baada ya Idi shangazi alipelekwa Lunga Lunga, mke wa tatu. Mimi nikasoma hadi sekondari, nikapata kazi, nikaoa. Nilikuwa na mvi nilipokwenda kumwambia. Nilimkuta uani akisuka mkeka, nikaeleza yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kusuka.

"Nilijua jioni ileile," alisema. "Nilikungoja uniambie. Nikangoja mwaka wa kwanza, nikangoja wa pili, kisha nikaacha."

Akaniuliza kama nimekunywa chai, akanisindikiza hadi barabarani. Sikuthubutu kumwomba msamaha, naye hakuutoa.

Nyumba ya Msambweni imebomolewa, vimejengwa vyumba vya kupangisha. Jiko lile la makuti halipo, na watoto hawaitwi tena kukinga kiganja. Shangazi alifariki mwaka juzi. Wanawe walinipigia simu siku ya tatu, hitima imekwisha kusomwa. Walikuwa wakisitasita, mwisho wakaniambia kwamba yeye mwenyewe aliagiza nisiitwe. Amezikwa mtu aliyenilea, na mimi sikuwapo.