Mikono ya Bwana Harnam

Mwanangu, kabla hujarudi hospitali kuomba picha nyingine ya kichwa ambacho kimeshaacha kuuma, hebu kaa hapa nikusimulie aibu yangu.

Miaka ya hamsini, nikikamua ng'ombe kwenye shamba la mzungu huko Keringet, kifua kilinishika vibaya. Nikapelekwa hospitali ya Nakuru, nikapigwa picha ya kifua kwa mashine ya eksirei, ugonjwa ukaonekana, nikadungwa sindano miezi mingi hadi nikapona. Lakini sindano ziliniuma na mashine haikuniuma, basi nikaipa mashine sifa zote! Kifua kikiwasha kidogo tu, nilirudi mjini kuomba picha, nikidanganya kwamba natema damu. Ujinga mtupu.

Mwishowe nikampeleka mama yako, mzima kabisa, ana mimba ya kwanza, eti naye apate nguvu za mashine. Mpiga picha alikuwa Bwana Harnam, Kalasinga, Mhindi wa kilemba, mtu mpole ambaye sikuwahi kumwona amekasirika.

"Nani mgonjwa hapa?" akauliza.

"Hakuna, bwana. Tunataka nguvu tu."

Siku hiyo alikasirika. Akavua glavu yake nzito. Lo! Vidole vimekuwa vigumu, vimepasukapasuka, kimoja kimekatwa. Alisema ujanani alikuwa akiwashikilia wagonjwa chini ya mashine kwa mikono mitupu, kila siku, na hakuna aliyemwonya kwamba miale yake hudhuru mwili.

"Picha inaonyesha ugonjwa, kijana, haiponyi. Ile ya kwanza ilikuokoa. Hizi za uongo zimekupa nini? Na huyo aliye tumboni, umemuuliza?"

Niliona haya, nikamshika mama yako mkono tukaondoka bila picha. Angeweza kunyamaza, apige picha, twende zetu. Badala yake alinionyesha mikono aliyokuwa akiwaficha watu wote. Sijawahi kumheshimu mtu hivyo, wallahi.

Kwa hiyo daktari akisema picha inahitajika, usiogope, panda mezani. Mimi niko hai kwa sababu ya picha moja. Ila mwambie picha ulizokwisha kupigwa, na umuulize hii mpya itabadilisha nini katika matibabu yako. Mabinti zako wakiwa na mimba, waseme mapema. Usiombe picha kwa ajili ya kutuliza moyo tu.

Mungu akupe afya, mwanangu, na kila ukitaka kukosea akuletee mtu wa kukukatalia. Mimi nilichelewa kumpata wangu. Wewe, kifungua mimba wangu, ulimpata kabla hujazaliwa.