Kiti cha Msaji cha Kizingo

Nikikusimulia haya usinitazame usoni, maana kila anayenitazama huanza kutafuta kama nacheka. Sicheki. Yalinipata mimi, kwa mwili wangu huu, mchana wa Jumamosi, mamangu na mdogo wangu wakiwa nyumba ile ile. Mama yu hai hadi leo. Kamuulize ukitaka. Atakukaribisha kahawa, atakuuliza hali ya wazee wako, na ukilitaja lile atainuka aende jikoni.

Ilikuwa miaka ya tisini. Tulikuwa twakaa Bondeni, wanawake watupu: mimi, Mama, mdogo wangu Zuhura, na Bibi, mamake Mama, ambaye macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Mama alikuwa mshoni wa nguo za wanawake. Mimi nilisomesha watoto wa chekechea huko Tononoka, na jioni nilisahihisha madaftari yao nikiwa nimekunjana kitandani, kwa kuwa nyumba haikuwa na kiti cha maana. Mgongo ulikuwa waniuma kama wa mtu mzima.

Starehe yetu kubwa ilikuwa moja, na sisi wenyewe tuliiita kuokota. Unajua, watu wa majumba makubwa ya Kizingo wakihamishwa kazi au wakienda ng'ambo hawabebi vyombo vyao. Walikuwa wakivitoa uani, chini ya miti, wakiviuza kwa yeyote apitaye. Wateja wa Mama walimletea habari. Basi siku hiyo chakula cha mchana huliwa haraka, buibui mwilini, kikapu mkononi, twende! Tulikuwa tukicheka njia nzima. Wallahi sijui furaha kama ile. Utie mkono ndani ya sanduku la takataka za watu, utoke na birika la shaba ambalo likisuguliwa kwa ndimu lawaka kama jua. Zuhura aliwahi kupata saa ya ukutani iliyolia ipendapo yenyewe, akaipenda hivyo hivyo. Mama alipata mkebe wa vifungo vya lulu, akavishona kwenye nguo za maharusi mwaka mzima.

Na Mama alikuwa bingwa. Alitufundisha hivi: kitu ukikipenda, kitukane. Sema kina kutu, sema kimepinda. Mwenyewe akikaza, ondoka, wala usigeuke nyuma. Atakuita.

Jumamosi ninayokusimulia, nyumba tuliyokwenda ilikuwa ya zamani, ina baraza pana na madirisha ya mbao yaliyofungwa. Hakukuwa na mwenyewe. Muuzaji alikuwa dalali mmoja mnene mwenye kofia ya kiua, aliyetumwa na warithi walio mbali. Uani palijaa watu wakipekua sahani na mapazia. Dalali alisema walio na hamu ya makabati waingie ndani, lakini wasifike chumba cha mwisho, huko bado hakujapangwa.

Sasa niambie, mtu aliyezoea kuokota ukimwambia chumba fulani hakijapangwa, atakwenda wapi? Nilimwacha Mama na Zuhura wakishindana juu ya sufuria, nikapita ukumbi, nikafika mlango wa mwisho. Ulikuwa wazi.

Ndani palikuwa na kitanda kitupu, meza, na karibu na dirisha kiti cha mikono cha msaji, mgongo wake umesukwa kwa henzirani. Kizuri! Juu yake alikaa mwanamke mzee, gauni jeupe, nywele zimesukwa mikia miwili. Nikadhani ni jamaa wa marehemu.

"Nashikamoo, Bibi. Niwie radhi, sikujua kuna mtu."

"Marahaba, mwanangu. Hukukosea. Waonaje kiti changu?"

"Kizuri, mashallah." Nilisahau kabisa mafunzo ya Mama.

Akacheka kidogo. Akasema amekaa hapo tangu asubuhi, akiinuka tu wale watu watakibeba wakiuze, na yeye ana haja ya kwenda msalani. Msala uko uani, na uani kumejaa wanaume. "Niazime buibui lako nijisitiri. Na wewe kaa hapa mahali pangu, unishikie kiti. Sikawii."

Hebu nawe fikiria. Mwanamke mzee, ajisitiri, aende haja. Ungekataa? Nilivua buibui, nikamvisha kwa mikono yangu. Alikuwa mwepesi, na shingo yake ilikuwa baridi kama mtungi. Nikakaa. Akajifunga uso, akasimama mlangoni, na niamini, hapo mgongo wake ulinyooka. Akawa urefu wangu. Akatembea kama mimi, na ule mguu wa kushoto ninaoutupa nje kidogo tangu utotoni. Hakusema kwaheri.

Mwanzo sikuona neno. Kiti kilikuwa cha raha, mgongo umetulia. Ndipo nikasikia Zuhura akiniita, "Dada! Dada, njoo uone!" Nikataka kuinuka.

Sikuinuka.

Si kwamba nilifungwa. Sikuona kamba wala sikuhisi mkono wa mtu. Mwili wangu ulikuwa mzito kama godoro lililonyeshewa, na kila nilipojaribu uliongeza uzito. Nikataka kupiga kelele, ulimi ukalala. Nikasoma Ayatul-Kursi moyoni, nikaimaliza, nikaanza tena. Vidole vyangu tu ndivyo vilivyokuwa na uhai. Vilipapasa chini ya mikono ya kiti, vikakuta mifereji imechimbwa kwenye mbao, minne huku, minne kule. Vidole vyangu vikaingia humo sawasawa. Nikafahamu ni kucha za watu zilizochimba vile. Na mbao za msaji ni ngumu, si muhogo.

Zuhura akaingia. Nikasema moyoni alhamdulillahi, nimepona. Akafungua droo ya meza, akaifunga, akanitazama usoni kama mtu atazamavyo ukuta, akatoka akiimba. Wajua uchungu wa kutazamwa na mtu uliyemlea mgongoni, asikuone? Kisha akaja mama mmoja nisiyemjua, amebeba sahani rundo zima, akaziweka mapajani mwangu apumzike. Niliuhisi uzito wake. Akazichukua, akafuta mkono wake kwenye leso kama aliyeshika kitu kibichi, akaenda zake haraka.

Jua likaanza kushuka kwenye nyufa za dirisha. Watu wakapungua. Nikamsikia dalali akifunga milango ya vyumba vya mbele, mmoja baada ya mwingine, na kila kitasa kikilia nilihisi ni kaburi langu lafukiwa.

Mwisho ikaja sauti ya Mama ukumbini. "Yuwapi huyu?"

"Si ulisema umemwona atoka?" Zuhura akajibu.

"Nimemwona kwa macho yangu apita langoni. Nimemwita, hakugeuka. Labda tumbo lamsumbua, ameenda nyumbani."

Hapo nilijua hakuna atakayenitafuta. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaonekana nikiondoka.

Wakasukuma mlango. Dalali alikuwa nyuma yao akisema, "Bi mkubwa, huku nimesema hakuingiwi." Mama hakumsikiliza. Macho yake yalikuwa juu yangu, yaani juu ya kiti, na niliiona ile sura yake, ile ya kuficha mapenzi. Midomo ikabenuka.

"Kiti gani hiki kimekongoroka? Mguu mmoja mfupi. Na henzirani yanuka panya. Wauzaje?"

"Hicho hakiuzwi, mama."

"Kila kitu humu chauzwa, wewe mwenyewe umesema."

"Hicho hapana. Chukua meza."

"Basi kaa nacho kikuozee," Mama akasema. Akageuka, akatoka.

Wallahi, mimi ndiye niliyefundishwa mbinu ile. Niliijua vizuri kuliko dalali. Nilijua ataitwa, atarudi. Lakini dalali hakumwita! Alisimama mlangoni, uso umelegea kwa faraja, anangoja waondoke. Nikazisikia ndala za Mama zikienda ukumbini, zikifika barazani. Nililia, machozi hayakutoka. Niliita mamangu, mamangu, kwa sauti isiyotoka kooni.

Zuhura ndiye aliyeinusuru roho yangu, na hakujua. "Mama, tusikiache. Dada asahihisha madaftari kitandani kila siku, mgongo wamuua. Angalau apate pa kukaa."

Ndala zikasita. Kisha ndala zikarudi. Siku zote nilizomjua, Mama akishajitia hasira kwa muuzaji hakugeuka nyuma. Siku hiyo aligeuka. Akaingia, akamkabidhi dalali kila alichokuwa nacho ndani ya pindo la leso yake, bila kuuliza bei, bila kutukana. "Mwanangu mkubwa hajapata kuniomba kitu," alisema. "Kiti hiki chatoka leo na mimi."

Dalali alizitazama zile pesa, akamtazama, akasema kwa sauti ndogo, "Utakitoa mwenyewe. Mimi sikishiki."

Mama aliita hamali wawili kutoka nje. Wakainama, wakanyanyua, wakakitua. Mmoja akacheka, "Mama, umenunua kiti ama mtu?" Mwenzake hakucheka. Wakanyanyua tena, wakasukumana nacho mpaka barazani, na hapo kwenye kizingiti cha mlango mkubwa kikakwama. Mlango ulikuwa mpana, ungepitisha kitanda, lakini kiti kilisimama pale kama kilichoshikwa na mtu kwa nyuma. Mimi nilihisi kushikwa. Nilihisi mikono mingi imenikamata nguo, si kwa ukali, kwa woga, kama watoto wanapong'ang'ania mama yao asiende kazini.

Mama akawasukuma hamali kando. Akakishika kiti mwenyewe, mkono mmoja juu ya mkono wangu bila kujua, akasema Bismillahi, akavuta kwa nguvu zake zote.

Nikaanguka kwenye ngazi, mbele ya watu, kichwa wazi, bila buibui.

Hamali mmoja alikimbia, namwona hadi leo alivyoruka ua. Mama alipiga magoti, akanipapasa uso, mabega, miguu, kama anayekagua nguo iliyorudishwa na mteja. "Umetoka wapi? Umetoka wapi, mwanangu?" Nilipoweza kusema nikamwambia yote. Dalali alikuwa amekaa chini, kofia mkononi.

"Umempa kitu?" akaniuliza.

"Buibui langu."

Akasema inna lillahi, akainamisha kichwa. Akatwambia mwenye nyumba alikuwa mwanamke, alikufa zamani kwenye kiti kile, na waliomkuta walisema hakuwa mzee kama alivyoonekana. Zaidi ya hapo hakusema, na Mama hakutaka kusikia. Kiti tulikiacha pale pale kizingitini.

Tulifika Bondeni magharibi yaadhiniwa. Bibi alikuwa kitako kwenye mkeka, tasbihi mkononi. Aliposikia sauti yangu akashtuka.

"Umeingia lini tena? Si umetoka sasa hivi?"

Tukatazamana. Mama akamuuliza taratibu, nani ametoka.

"Huyu huyu. Amekuja alasiri, hakunisalimu, nikasema ana ghadhabu. Akazunguka nyumba, agusa hiki, agusa kile. Kisha akaniuliza kitanda chake ni kipi. Nikacheka, nikamwambia kile cha dirishani. Akalala kidogo. Adhana ilipoanza akaondoka."

Nilikwenda kukitazama. Shuka lilikuwa limebonyea umbo la mtu, na lilikuwa na ubaridi wa majimaji. Tulilichoma usiku huo huo, na kitanda Mama alikitoa sadaka ya kuni.

Hatukwenda kuokota tena. Zuhura alijaribu kumshawishi Mama mara moja, Mama akakataa kwa kichwa tu, na tangu hapo Jumamosi zikawa ndefu. Mimi niliolewa, nikahamia upande mwingine wa mji. Harusini nilikaa juu ya mkeka, jamaa za mume wakanung'unika, wakazoea. Lakini hilo si kitu. Kitu ni kwamba mimi huonekana mahali nisipokuwapo. Watu hunilaumu kwamba walinipungia mkono Makadara nikawapita. Muuza vitambaa huniambia, "Jana umeshika kile cha buluu muda mrefu, mbona hukununua?" Nami jana nilikuwa nyumbani na homa. Nilizoea kujibu, "Samahani, sikukuona." Ningejibu nini?

Kisha siku moja binti yangu alirudi kutoka shule, bado mdogo, darasa la kwanza, akaweka mkoba chini akanitazama kwa mashaka.

"Mama, kwa nini leo umekuja shuleni ukasimama kwenye ua?"

Sikuwa nimetoka nyumbani. Nikamuuliza, nilipokuja nilisema nini?

"Umeniuliza jina langu nani," akasema. "Kwani umelisahau?"

"Nawe ulinijibu?"

"Nimekwambia. La kwangu, na la Baba, na la Bibi."

Basi wewe uliyenisikiliza, sikukatazi kununua kitu kilichotumiwa na wengine. Nunua, kipindue, kitukane, kibebe. Lakini mtu usiyemjua akikuomba ukae mahali pake kwa muda mfupi tu, hata awe mzee, hata awe na haja, mwambie hapana. Na ukinikuta njiani nimevaa buibui, nisalimu kwanza kwa sauti. Nisipojibu, usinifuate, na jina lako usinitajie.